Bomba linapiga shoti, na warithi kila mmoja anasema nyumba si yake

Shangazi, shikamoo.

Nimepanga chumba na sebule Tandika, huu ni mwaka wa tatu. Wapangaji tuko familia nne kwenye ua mmoja, choo na bafu tunachangia, na bomba la maji ni moja liko uani. Kodi ni shilingi 120,000 kwa mwezi kwa kila familia, tunalipa kwa miezi sita. Mimi ni fundi cherehani, mume wangu ni kibarua bandarini, na tuna mtoto wa miaka minne.

Mwenye nyumba alikuwa mzee mmoja muungwana sana. Ukimwambia bati limetoboka, kesho yake fundi yuko juu ya paa na mzee mwenyewe yuko chini ameshika ngazi. Alifariki mwezi wa tano mwaka huu. Tulimzika sote, wanaume wa nyumba hii walikuwa miongoni mwa waliochimba kaburi. Tangu siku hiyo nyumba haina mwenyewe.

Lakini kodi inaye. Mwezi wa nane kaka mkubwa wa wale warithi alipita chumba kwa chumba, nikamtumia 720,000 kwa M-Pesa, kodi ya mpaka mwisho wa Januari. Risiti hakutoa. Mkataba nilionao ni karatasi ya daftari tuliyoandikishana na mzee mwaka wa kwanza, baada ya hapo tukaendelea kwa mdomo tu.

Sasa mvua za vuli zimeanza. Paa la sebuleni linavuja, na maji hayadondoki popote pale, yanafuata waya wa taa, yanashukia kwenye holda, ndipo yanaanguka kwenye beseni nililoweka juu ya meza ya cherehani. Globu nimeitoa, tunakaa na taa ya kuchaji. Chemba ya choo mfuniko wake umepasuka katikati, tumeweka kipande cha bati na tofali juu. Hayo yote ningeweza kuyavumilia.

Lililonishinda ni umeme. Ulianza kama kutekenywa. Ukishika bomba unasikia vidole vinawasha. Tukazoea, ikawa kila mtu anafungua maji kwa kanga au kwa kipande cha kitambaa, na mgeni akija tunamwambia, "Usishike hivyo, shika na nguo." Wiki mbili zilizopita nilimwogesha mwanangu uani, akakimbia kuingia ndani akiwa bado mbichi, miguu mitupu. Akaishika grili ya mlango. Shangazi, alilia sauti ambayo sijawahi kuisikia, na mkono haukuachia. Nilimvuta kwa shati lake nililokuwa nimelishika mkononi, nililirusha likamzunguka kiunoni nikamvuta. Zahanati walimpima wakasema yuko salama. Ila tangu siku hiyo akitaka kutoka nje anasimama hatua tatu kutoka mlangoni ananyoosha mikono nimbebe.

Nimempigia kaka mkubwa. Anasema, "Ile nyumba ni ya urithi, siwezi kutia hela yangu wakati wenzangu hawachangii." Mdogo wake anasema niongee na aliyepokea kodi. Dada yao aliyeko Mwanza anasema nyumba inauzwa, hakuna sababu ya kuikarabati. Kikao cha ukoo cha kuchagua msimamizi wa mirathi kilivunjika kwa ugomvi, na mpaka leo hakuna aliyeteuliwa. Dalali aliyetuleta anasema, "Kama hupapendi, hama, wapangaji wako wengi."

Mume wangu amemleta fundi, ametaja 280,000 kwa umeme peke yake. Mume wangu anataka tulipe sisi halafu tukate kwenye kodi ya Februari. Wenzangu wa nyumba hii hawataki hata kuweka sahihi kwenye barua, wanaogopa kufukuzwa. Naomba unijibu: mwenye nyumba wetu ni nani? Tukikata kodi tutakuwa na haki? Na wanaweza kunitoa kwa sababu ya kelele zangu?

Mama wa Tandika


Marahaba mwanangu, na pole. Pole zaidi kwa mtoto.

Maswali yako matatu nitayajibu, lakini hukuuliza swali la kwanza. Ukimaliza kusoma aya hii, nenda kazime swichi kuu ya nyumba, kisha ndiyo urudi usome zilizobaki. Mtu yeyote asishike bomba wala grili, kwa kanga wala bila kanga, mpaka fundi aje. Kanga iliyolowa haizuii umeme, inaupitisha. Kilichokuwa kinawaokoa ni ndala kavu miguuni, na mwanao siku ile hakuwa nazo. Mtu akinaswa tena, kimbilia swichi kwanza. Ikiwa mbali, msukume kwa ufagio wa mti mkavu. Ulivyomvuta kwa shati ulifanya jambo la akili katika sekunde ambayo wengi hushika kwa mikono mitupu, wakanaswa wawili. Lakini usitegemee bahati hiyo mara ya pili.

Nikueleze kinachotokea, kwa sababu fundi atakuja na maneno mengi na wewe ndiwe utakayesimama naye. Bomba na grili vikipiga kwa pamoja, kuna waya mahali fulani umechubuka na kugusa chuma au ukuta uliolowa. Kwako nashuku ule ule wa taa ya sebuleni. Nyumba iliyofungwa umeme vizuri ina waya wa ethi, ule wa kijani na njano, unaoishia kwenye nondo iliyochimbiwa ardhini. Kazi yake ni kuubeba umeme uliovuja uende chini badala ya kupita mwilini mwa mtu. Mara nyingi waya huo umekatika, au haukuwahi kuwekwa, au nondo imeng'olewa na watu wa vyuma chakavu kwa sababu ya shaba. Na usishangae kwamba sakiti breka haikukatika. Breka ya kawaida ya ampia 20 inangoja umeme mwingi mno. Kuna kifaa kingine, mafundi hukiita RCD, kinachokata umeme ukivuja miliampia 30 tu, yaani chini ya sehemu ya mia sita ya hizo 20. Mwambie fundi hicho kiwemo kwenye hesabu yake. Kama 280,000 haikukihesabu, hesabu irudiwe. Tena awe fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, mwombe akuonyeshe, aandike kwa mkono wake alichokikuta. Karatasi hiyo itakufaa kuliko unavyodhani.

Najua swichi ikizimwa familia nne zinakaa gizani, na jioni utasikia maneno. Hapo ndipo ujaribu kitu kimoja. Waombe wote wachomoe kila kitu, friji, feni, chaji, taa zote zizimwe, halafu waite wasimame mbele ya mita ya LUKU, uiwashe swichi kwa dakika moja tu, bila mtu kushika bomba wala grili, kisha uizime tena. Kile kitaa chekundu kikiendelea kumetameta wakati hakuna kinachotumika, kuna umeme unaokwenda mahali, na uniti zinawakatikia nyote. Umeme unaovujia ardhini nao unahesabiwa na mita. Nimekaa na watu wa nyumba za kupanga muda mrefu, na ninakwambia: jirani asiyetaka sahihi kwa ajili ya mtoto wako ataitafuta kalamu mwenyewe kwa ajili ya uniti zake. Si roho mbaya, ndivyo tulivyo.

Sasa mwenye nyumba.

Watu wengi mtaani wanaamini kwamba mwenye nyumba akifa wajibu wake unazikwa naye na kodi inabaki hai. Sivyo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, kifungu cha 88, inaingiza ndani ya kila upangishaji ahadi za mwenye nyumba, hata kama hakuna aliyeziandika. Mojawapo ni kwamba nyumba au chumba cha kuishi kinafaa kwa makazi ya binadamu siku mpangaji anapoingia, na kitaendelea kufaa muda wote wa upangaji. Nyingine ni kwamba ukipangishiwa sehemu tu ya jengo, kama wewe, basi paa, kuta kuu za nje, mifereji mikuu ya maji machafu na sehemu mnazotumia kwa pamoja ni juu ya mwenye nyumba kuzitunza katika hali nzuri. Ukiisoma barua yako kwa jicho hilo, paa limo, chemba imo, bomba la uani limo. Na usitishwe na karatasi ya daftari. Upangaji wa mwaka mmoja au pungufu unaweza kuwa hata wa mdomo na sheria ikautambua. (Wasomaji wangu wa Zanzibar mnisamehe, sheria hii ni ya Bara.)

Mzee akiisha kufa, viatu vyake anavivaa msimamizi wa mirathi. Yeye ndiye anayekusanya kodi, analipa madeni, anatunza mali, na anaitolea mahakama hesabu. Kwenu msimamizi hayupo bado. Kaka mkubwa amejipa nusu ya kazi hiyo, ile nusu tamu. Anayejitwalia mali ya marehemu kabla ya kuteuliwa hawezi kusema amechukua kodi lakini hakuchukua nyumba. Kwa hiyo mpaka mahakama itakapomteua mtu, kwako wewe mwenye nyumba ni huyo aliyepokea muamala wako. Ujumbe wa M-Pesa una jina, tarehe na kiasi, na ni risiti bora kuliko ile ambayo angekuandikia. Usiufute. Upige picha, umtumie na mume wako, simu huibiwa.

Lile jibu lake la "siwezi kutia hela yangu" ndilo lililonifanya nichague barua yako kati ya nyingi. Hakuna aliyemwomba hela yake. Familia nne mara 720,000 ni shilingi 2,880,000, ambazo alizikusanya mwezi wa nane kwa kupita chumba kwa chumba. Hizo si zake, wala si za mdogo wake, wala za dada wa Mwanza. Ni mali ya marehemu mpaka zigawanywe kihalali, na matunzo ya nyumba hutoka humo kabla ya mgao. Umeme wa 280,000 haufiki hata sehemu ya kumi ya hizo. Nyumba ina hela yake, iko mfukoni mwake. Siku msimamizi atakapoteuliwa, kaka ataulizwa zilikwenda wapi, na ndugu zake ndio watakaokuwa wa kwanza kuuliza. Mwambie hivyo, kwa upole. Ukimwonyesha kwamba matengenezo yatamkinga na wenzake barazani, utaona sauti inabadilika. Stakabadhi ya fundi ni kinga yake yeye pia.

Kukata kodi: hapana, mwanangu, si kwa staili anayoitaka mume wako. Mwambie namwelewa, na kwa mantiki ya kawaida ana haki kabisa. Lakini mkilipa wenyewe kimyakimya halafu Februari mkatoa pungufu, kesi itageuka. Leo wewe ni mpangaji aliyelipa kodi yote na nyumba inamuumizia mtoto. Siku hiyo utakuwa mpangaji anayedaiwa. Nilikuwa karani wa baraza, nimeona mtu mwenye haki tele akiingia na bahasha ya risiti za saruji na misumari, halafu swali la kwanza analoulizwa ni kama anadaiwa kodi. Mkubaliane kwanza kwa maandishi. Ujumbe wa simu unatosha: fundi fulani, kazi fulani, kiasi fulani, kitakatwa kwenye kodi ya mwezi fulani. Akijibu "sawa", piga picha jibu lake, mlete fundi. Asipojibu, usitoe hela yako ukidhani utailipwa.

Andika ujumbe mmoja, uutume kwa warithi wote watatu siku moja, neno kwa neno. Usiandike insha, na usiwatukane hata kama wanastahili. Mimi ningeandika hivi:

"Habari za leo. Mimi ni mpangaji wa chumba na sebule katika nyumba ya marehemu mzee wenu. Kodi nimelipa mpaka mwisho wa Januari, 720,000, kwa kaka mkubwa. Wiki mbili zilizopita mtoto wangu alinaswa na umeme kwenye grili ya mlango, na bomba la uani nalo linapiga. Paa la sebule linavujia kwenye waya wa taa. Mfuniko wa chemba ya choo umepasuka. Tumezima swichi kuu kwa usalama. Naomba fundi wa umeme mwenye leseni afike ndani ya siku mbili, chemba ifunikwe ndani ya siku saba, na paa lizibwe ndani ya wiki tatu. Picha nimeambatisha. Naomba mnijibu hapa hapa kwa maandishi."

Siku hizo nimezipanga mimi, hazimo kwenye sheria. Sheria haina saa ya kuhesabu. Lakini mbele ya mtu wa kuamua, tofauti kati ya aliyesema "njooni haraka" na aliyesema "siku mbili, na hii ni picha" ni kubwa mno.

Wakikaa kimya, una njia mbili na moja ni fupi kuliko nyingine. Fupi ni ya chemba. Usiingoje mirathi. Nenda ofisi ya kata umwone bibi afya au bwana afya. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 na sheria ndogo za halmashauri zinawapa watu hawa uwezo wa kuingia, kukagua, na kumwandikia mwenye nyumba ilani ya kuondoa kinachohatarisha afya kwa muda watakaoutaja. Chemba iliyofunikwa kwa bati na tofali kwenye ua wenye watoto, wakati wa mvua, ni kitu wanachokijua kwa macho. Akija, mwonyeshe na bomba pia. Ilani yenye muhuri ikibandikwa mlangoni, warithi ambao hawakuzungumza tangu msibani hupigiana simu usiku huo huo. Ila kabla hajaja hakikisheni hamkuiziba chemba ninyi wenyewe. Nepi za kutupa zimeua chemba nyingi za Temeke kuliko uchakavu, na sheria hiyo hiyo ya ardhi inamtaka mpangaji naye atunze anapokaa. Uchakavu wa kawaida si juu yako. Nepi ni juu yako.

Ndefu ni ya baraza. Anza kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, wengi wanamaliza hapo hapo kwa kuwa anawajua watu wa ukoo kwa majina. Ikishindikana, nenda Baraza la Kata. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 baraza hilo halitoi tena hukumu, linapatanisha tu. Likishindwa kuwapatanisha ndani ya siku 30, unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na hapo ndipo panapoamuliwa. Ukiambiwa na mzee yeyote uende "Baraza la Nyumba la Mkoa" ukapangiwe kodi, mshukuru na uendelee na safari. Hayo yalikuwa ya Sheria ya Kudhibiti Kodi ya mwaka 1984, na ilishafutwa mwaka 2005.

Na chunga jambo moja kwenye fomu: mlalamikiwa asiwe marehemu. Nimeyaona mashauri yakitupwa nje asubuhi moja kwa sababu mpangaji ameandika jina la mzee aliyezikwa. Mlalamikie kaka aliyepokea kodi, kwa jina lake yeye. Msimamizi akiteuliwa baadaye, anaongezwa. Kujua kama ameshateuliwa si siri, muulize karani wa Mahakama ya Mwanzo ambako mirathi imefunguliwa. Kama hamna hela ya wakili, kuna vituo vya msaada wa kisheria vinavyofanya kazi chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Muulize ofisa maendeleo ya jamii wa kata wasaidizi wa kisheria wa karibu ni akina nani. Wengi huandika malalamiko bila malipo.

Kukutoa? Umelipa mpaka mwisho wa Januari. Mpaka hapo una haki ya kukaa kwa utulivu, nayo ni ahadi ya kwanza kabisa kwenye kifungu hicho cha 88. Wakija kubadilisha kufuli, au wale wenye mtindo wa kung'oa mlango na kufunua bati ili uondoke mwenyewe, huo ni uvunjaji wa sheria, mwite mwenyekiti wa mtaa na polisi siku hiyo hiyo. Hata dada wa Mwanza akiuza kesho, mnunuzi anakuta mpangaji ndani. Lakini sitakudanganya kuhusu Februari. Muda ukiisha wanaweza kukuambia hawaendelei na wewe, ilimradi wakupe taarifa inayostahili, na sheria haiwalazimishi kukupenda. Majirani zako wanaogopa kitu cha kweli. Ndiyo maana nimekuelekeza kwenye mita kwanza na si kwenye sahihi.

Hapa nitasema langu mwenyewe, si la sheria. Siku mbili zikipita na hakuna fundi, mpeleke mtoto kwa bibi yake au kwa shoga yako, hata kama ni kulala chini. Wiki ikipita, tafuta chumba kingine, na kodi ya miezi iliyobaki uidai ukiwa nje, kwa ushahidi wako wote mkononi. Wapo watakaokwambia ukihama umeshindwa. Hao hawakuisikia ile sauti. Cherehani inahamishika. Na uendako, kabla ya kutoa hela, shika bomba kwanza. Namaanisha kwa testa ya fundi, shilingi chache tu dukani, kwenye bomba, kwenye grili, kwenye fremu ya dirisha. Dalali atakucheka. Kisha uangalie dari pembeni mwa kila taa kama kuna alama ya kahawia iliyozunguka kama chai iliyomwagika. Na usome mkataba mpaka chini, kuna wanaoingiza sentensi moja kwamba "matengenezo yote ni juu ya mpangaji". Ikate kwa kalamu, nyote wawili muweke sahihi pembeni ya mkato. Akikataa kukata, umeshajua utaishi na mtu wa namna gani.

Kuhusu mtoto anayesimama hatua tatu kutoka mlangoni: umeme ukisharekebishwa, fundi mwenyewe aishike grili mbele yake, kisha baba yake, kisha wewe. Usimlazimishe. Siku akiishika mwenyewe niandikie, hata kama kesi bado iko kata.

Picha zote zipigwe leo, beseni likiwa bado juu ya meza.

Shangazi